Aliyebaki na Mfasiri

Siku ya kwanza, Mama Pacha alirudi kutoka kula chakula cha mchana akakuta kosa aliloliacha kwenye kompyuta limesharekebishwa.

Mlango alikuwa ameufunga, na ufunguo ulikuwa mkobani mwake. Chumba kile kilikuwa na meza saba. Sita zilifunikwa vitambaa, kwa sababu mafundi wenzake walistaafu mmoja mmoja na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Yeye peke yake ndiye aliyebaki kumtunza Mfasiri, programu kongwe iliyogeuza maagizo yaliyoandikwa na watu yakawa lugha ya mashine za kupumulia wagonjwa. Mashine zenyewe zilikuwa za zamani mno. Hazikumwelewa mfasiri mwingine yeyote.

Kiti chake kilikuwa na joto. Hewa ilinuka udongo uliofukuliwa.

"Bosi, kuna mtu aliingia humu?"

"Nani aingie humo, Mama Pacha? Hata panya walishahama!" Bosi akacheka. "Mtu kakufanyia kazi, nawe unamtafuta umshtaki?"

Mwenye kuelemewa haulizi nani kamtua mzigo. Tangu siku hiyo akawa anayaacha makosa magumu wazi, anafunga mlango, anakwenda kula. Akirudi, yamekwisha.

Jumatano alisahau njia ya kwenda kwa dada yake. Ijumaa alisimama jikoni na kopo mkononi, akishangaa lile vumbi jeupe ni la nini.

"Mama, si chumvi hiyo?" binti yake akasema huku akicheka. Kisha akamtazama pacha mwenzake, na wote wawili wakaacha kucheka.

Ndipo Mama Pacha alipomkumbuka fundi mkuu wa zamani, aliyemfundisha kazi na ambaye naye alistaafu akiwa amesahau karibu kila kitu, akaenda kumtazama. Alimkuta ameketi kama gunia tupu, mkewe akimlisha kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Yule mama alinusa nguo za mgeni, akaweka kijiko chini. Akanong'ona, "Limeshaanza kukusaidia?"

"Nini, mama?"

"Huyu wangu alikuwa akirudi kila siku amepungukiwa na kitu kimoja. Watu wakasema uzee. Jini la chumba kile haliibi, mwanangu, linabadilishana. Ukiliachia kazi, linachukua kitu unachokijua, na linachagua lenyewe. Lakini ukiifanya kazi kwa mkono wako mpaka mwisho, nalo linakutazama, litaondoka."

"Na likichagua wanangu? Nikiwasahau?"

Yule mama alimfuta mumewe kidevu.

Jumatatu asubuhi bosi aliingia bila kubisha. "Mashine zimesimama hospitali! Wauguzi wanawapulizia wagonjwa hewa kwa mikono. Watu kumi na wanne, Mama Pacha. Wakifika saa nane mikono itakuwa imekufa ganzi."

Akakaa. Safari hii nafanya mwenyewe, alijiapia. Akasoma mstari baada ya mstari, saa ya kwanza, saa ya pili, mpaka akafika mahali kosa lilipojificha, mahali alipopajua zamani kama anavyozijua nyuso za wanawe, akakuta kichwani mwake pamebaki shimo tu, kwa maana hapo ndipo alipokuwa akiliachia jini siku zote, na nyuma yake vitambaa vya meza sita vikaanza kuchakacha kimoja baada ya kingine kana kwamba watu wanaketi, na harufu ya udongo ikapanda, na kitu kikapumua kisogoni pake taratibu, kwa subira, kama mwalimu anayemngojea mtoto mzito.

Saa saba na nusu. Hakuweza.

Alichukua kalamu akaandika kiganjani: *Una watoto wawili, pacha. Wachukue shuleni. Wapende.* Akaliacha kosa wazi, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi akiyarudia majina yao huku machozi yakimtiririka.

Baada ya dakika kumi bosi alipiga kelele kutoka ofisini kwake. "Zinafanya kazi! Mama Pacha, wanapumua!"

Alikuwa ameshaondoka mbio.

Getini pacha walimkimbilia, naye akawajua. Wote wawili! Akawakumbatia mpaka wakalalamika.

"Mama, unatubana!"

Akacheka kwa kwikwi. Sasa limechukua nini? Akafungua kiganja ili afute yale maneno. Hapakuwa na maneno. Palikuwa na mikwaruzo myeusi, kama nyayo za kunguru. Akainua macho kwenye kibao cha shule: mikwaruzo. Akafunua daftari la mwanawe: mikwaruzo, ukurasa baada ya ukurasa.

Simu ikatetemeka. Akampa binti yake.

"Nisomee, mama."

"Imetoka kwenye kompyuta yako ya ofisini." Mtoto akasoma polepole, akifuatisha kwa kidole kama alivyofundishwa. "'Huna tena cha kunipa. Kaa na wanao. Wagonjwa hawa kumi na wanne niachie mimi.'"