Chujio la Kwanini

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kwanini aliingia gerejini kwa mama yake. Jina hilo walimpa mafundi, maana maswali ya binti huyo hayakuwa na breki.

Siku hiyo dereva wa teksi alileta gari lake, uso umemsawijika.

"Fundi, likisimama linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mlimani linakufa. Jana abiria alishuka, akapanda kwa miguu, akanisubiri juu."

Mama alicheka. Alichomoa kifaa kidogo kinachoongoza oili ndani ya injini, akatoa chujio lake, dogo kama ukucha, akampa bintiye. "Lisugue na mafuta ya taa mpaka uone mwanga upande wa pili."

Kwanini alianza vizuri. Lakini mezani palikuwa na injini kuukuu iliyofunguliwa, na macho yakamponyoka. Aliliweka chujio pembeni, akaenda kuizungusha ile injini kwa mkono, atazame vyuma vikipanda na kushuka. Mama alipoita, alilifuta chujio juu juu, akakimbia nalo.

"Umelisafisha?"

"Ndiyo, mama."

Walilijaribu gari. Kufika mlimani, likakohoa na kukwama palepale.

"Basi ubovu uko ndani," mama alisema waliporudi. "Lazima niifungue injini. Niachie wiki nzima."

Dereva alijiketisha juu ya tairi. "Wiki nzima, dada? Nyumbani watakula usukani?"

Kwanini alishindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini linachoka mlimani tu?"

"Wewe ukilala unahemaje?"

"Polepole."

"Na ukikimbia?"

"Kwa nguvu."

"Injini nayo inahema. Valvu ndizo milango yake: huu unaingiza hewa, ule unatoa moshi. Mzigo ukizidi, mlango wa hewa unatakiwa ufunguke mapema zaidi. Oili ndiyo inayousukuma mbele kidogo mhimili unaofungua milango hiyo. Oili isipofika, gari linapanda mlima huku linahema kama limelala."

"Na hiyo oili inapita wapi?"

"Kwenye lile chujio."

Kwanini alimtazama dereva pale juu ya tairi, akajua ugonjwa wa gari kabla ya fundi.

"Mama, sikulisafisha. Nililifuta tu."

Mama alimkazia macho, kisha akampa spana. "Lichomoe mwenyewe."

Safari hii alisugua mpaka vidole vikauma, akalinyanyua juani, na mwanga ukapenya. Mlimani gari lilipanda bila kukohoa.

"Leo abiria akishuka," dereva alisema, "nitamsubiri mimi."

Jioni wakifunga gereji, mama alimshika bega. "Uliza mpaka nichoke, mwanangu. Lakini swali halisafishi chujio, mkono ndio unaosafisha. Na ungenyamaza, ningeibomoa injini nzima kutafuta uchafu uliokuwa kwenye ulimi wako."