Baiskeli Iliyompiga Njiti Mateke

Njiti hakuwa na baiskeli yake mwenyewe. Hakuwa na glavu za kuendeshea, wala kofia ngumu iliyomkaa kichwani bila kumshukia machoni. Hakuwa na subira. Hakuwa na nyama mwilini pia. Upepo ukivuma, wenzake walimshauri ashike nguzo, na ndiyo maana wakamwita Njiti. Alichokuwa nacho, tena tele, ni ulimi.

Kila siku alipotoka shuleni alibadili sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akaandamana na kaka yake hadi klabu ya baiskeli. Kaka yake aliitwa Bonge, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Klabu yenyewe ilikuwa ua nyuma ya duka la matairi, chini ya kilima chenye kijia cha mawe na mizizi. Baiskeli zilikuwa chache na chakavu, hivyo watoto walipokezana. Aliyewafundisha ni mama mmoja, asubuhi karani wa posta, jioni kocha.

Jioni moja gari la duka kubwa la baiskeli lilisimama langoni. Akashuka bwana mmoja ambaye watoto walimwita Bwana Tai kabla hajamaliza kusalimia, kwa jinsi tai yake ilivyokuwa ndefu. Alishusha baiskeli mpya ya milimani. Ilikuwa na shokapu mbele na shokapu nyuma, ili magurudumu yote mawili yanese juu ya mawe bila kumrusha mpandaji. Matairi yalikuwa mapana, gia zilibadilika kwa kuguswa na kidole, na ukibonyeza kitufe kiti kilishuka ukiwa umekikalia.

"Nataka vijana wawili waipime kwa juma zima," alisema. "Waniandikie maoni yao niyabandike kwenye kioo cha duka. Yakinipendeza, baiskeli inabaki hapa klabuni."

Kocha akawachagua Bonge na Njiti. "Mmoja ana nguvu," alisema, "mwingine hafichi neno."

Bwana Tai alimkalisha Bonge juu ya baiskeli, akatoa pampu ndogo, akajaza upepo kwenye shokapu mpaka akaridhika. Kisha akaenda zake.

Juma lile ndugu wale wawili hawakuelewana hata kidogo. Bonge alishuka kilima akitabasamu. "Ni kama kukalia godoro," alisema. Njiti alishuka kijia kilekile, kwa baiskeli ileile, akafika chini meno yakigongana na mgongo ukimuuma.

"Godoro la kokoto," alisema. "Kila jiwe limenipiga teke."

"Hujui kuendesha, dada."

"Nawe kaka umejipakia mto wako mwenyewe."

Juma lilipokwisha, Bwana Tai alirudi na karatasi iliyopigwa chapa. Akaisoma kwa sauti: "Baiskeli hii haina kasoro hata moja. Inafaa mkubwa na mdogo. Ukiipanda, unahisi umepanda wingu."

"Nani kaandika haya?" Njiti aliuliza.

"Nimewarahisishia kazi, binti. Nyinyi tieni sahihi tu."

Bonge alichukua kalamu, akaandika jina lake bila kuinua macho. Njiti aliirudisha mikono yake nyuma.

"Tumepanda sisi, umeandika wewe," alisema. "Tangu lini mtu akaonja mboga kwa ulimi wa jirani?"

Watoto wawili watatu walicheka. Bwana Tai hakucheka. "Anayepewa hachagui, binti."

"Mimi sikuomba kupewa. Wewe ndiye uliyeniomba nipime."

"Basi andika yako, uniletee kwa posta. Ila nilichosema siku ile nakirudia: mpaka yanipendeze." Aliikunja karatasi yenye sahihi ya Bonge, akaitia mfukoni, akaondoka.

Hapo ndipo wenzake walipomgeukia. Mmoja alimwambia ulimi wake utawakosesha baiskeli. Mwingine akasema afadhali wangemchagua bubu. Njiti alihisi masikio yakimchoma. Walikuwa wakimlaumu yeye aliyekataa uongo, na si yule aliyeuleta! Alikwenda kuketi juu ya tairi kuukuu, akaandika kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi, kisha akamsomea Kocha.

"'Baiskeli hii ni punda aliyepakwa rangi. Inarusha mateke. Shokapu zake ni mapambo matupu. Aliyeileta ni mwongo, na atakayeinunua ataula wa chuya.'"

Kocha alisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?"

"Naweza kuongeza."

"Najua. Ila kaka yako anasema godoro, wewe unasema punda. Mnazungumzia baiskeli moja?"

"Huyo katiwa tamaa, Kocha."

"Labda. Mlete hapa, na baiskeli ije."

Kwenye fimbo ya chuma inayozama ndani ya shokapu ya nyuma palikuwa na kipete cheusi cha mpira. Kocha alikisukuma mpaka mwanzo, akamwambia Bonge akae. Shokapu ilizama kwa uzito wake na kukisogeza kipete. Aliposhuka, kilibaki palepale, kikionyesha umbali iliozama. Akakirudisha, akamkalisha Njiti. Kipete hakikujitikisa.

"Shokapu hii inajazwa upepo kama mpira," Kocha alisema. "Siku ile ilijazwa kwa uzito wa nani?"

Njiti alikitazama kipete, kisha akamtazama kaka yake, urefu na upana. "Wa huyu," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa nimekalia gogo."

Kocha alipunguza upepo kidogo kidogo, nyuma na mbele, mpaka kipete kikasogea chini ya uzito wa Njiti pia. "Haya, panda kilima."

Alishuka akiwa mtu mwingine. Magurudumu yalimeza mawe, mizizi ikapita chini yake kama mikunjo ya shuka. Ila alipofika chini hakuwa akicheka. Aliinamia gurudumu la nyuma.

"Kuna kitu kinagonga hapa. Kwa-kwa-kwa. Mateke yalipokuwa mengi sikukisikia."

Kocha alishika fremu kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mwingine, akalitikisa. Bolti ya kiungo cha nyuma, pale fremu inapojikunja ili shokapu inese, ilikuwa imelegea. Aliikaza kwa spana. Wakamtuma Bonge ashuke, ikalegea tena. Wakaikaza, akashuka Njiti, ikalegea vilevile.

"Sasa hiyo si upepo," Kocha alisema. "Hiyo ikichomoka mtu akiwa mteremkoni, atavunjika."

Bonge alikuwa akifuta mikono isiyokuwa na uchafu. "Mimi nilikisikia tangu siku ya kwanza," alisema.

Njiti aliinuka. "Ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Ukatia sahihi kwamba haina kasoro hata moja. Ibandikwe kioo cha duka, mtoto wa mtu aisome, amsihi baba yake anunue. Kaka, wewe ulikuwa unafikiri nini?"

"Niliitaka baiskeli," Bonge alisema. "Nimechoka kungoja zamu."

Njiti alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Lakini yeye pia alikuwa amechoka kungoja zamu, na dakika chache tu zilizopita alikuwa ameiita punda baiskeli isiyo punda. Alichana karatasi yake. "Njoo tuandike," alisema.

Waliandika pamoja, huyu akitaja, yule akiandika. *Matairi yanashika vizuri. Gia ni nyepesi. Shokapu ni nzuri, lakini upepo upimwe kwa uzito wa kila mpandaji. Mwepesi akipanda iliyojazwa kwa mzito, ataumia mgongo. Bolti ya kiungo cha nyuma inalegea kila tunaposhuka. Tunaomba isiuzwe mpaka irekebishwe. Mimi Bonge, sahihi niliyotia kwenye karatasi yako naifuta, kwa sababu kasoro niliijua.* Bonge alitia jina lake chini ya maneno hayo, safari hii akiwa ameinua macho.

Kesho yake, walipopitia posta kabla ya shule, Kocha aliwapokea upande wa pili wa kaunta, amevaa sare ya kazi. Aliisoma barua, akaikunja.

"Bonge, uongo unaouandika na uongo unaouwekea sahihi uzito wake ni mmoja," alisema. "Na wewe Njiti, hasira yako ilikuwa na haki, ila ilitangulia kabla ya kupima. Hata mtu aliyekuudhi, mtendee haki: jema lake liseme, baya lake liseme, na usiongeze chumvi. Hapo ndipo neno lako litakapoaminika."

"Na baiskeli, Bwana Tai akija kuichukua?" Njiti aliuliza.

"Ataichukua. Mtapokezana zile za zamani, kama mwanzo."

Njiti na Bonge walitazamana. Kisha Njiti alilamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja. Bonge akabandika stempu. Kocha akaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua zinazoondoka asubuhi ile.