Jina Lililokosekana Kwenye Hati

Salhiya aliingia uani mbio, viatu mkononi. Bibi yake, Bi Biasha, alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi. Leo nna jambo."

"Marahaba. Kaa kwanza, utanimwagia nazi."

Hakukaa. Furaha ilimpanda hata hakujua aanzie wapi. Alikuwa anasoma chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wao. Kila mwaka chuo kilimsomea hitma mwanzilishi wake, Bwana Mbarouk, tajiri wa karafuu wa zamani.

"Mwaka huu na watumwa wake nao wataombewa dua," alisema.

Bi Biasha aliacha kukuna. "Watumwa gani?"

Jirani yao Ulfat, mtunza nyaraka wa chuo, alikuwa mlangoni. Alipiga hodi, akaingia, akaeleza taratibu.

"Tumeisoma hati ya wakfu, Bi Biasha. Bwana Mbarouk alitoa shamba lake la njia ya Kizimbani, mapato yake yasomeshe watu. Chuo kilianzia hapo. Lakini karafuu hazikujichuma. Hati ina majina ya watu kumi na mmoja waliokuwa mali yake. Mwishoni imeandikwa 'na mtoto wa kike mmoja'. Jina hakuna."

"Si bibi yako yule?" Salhiya alidakia, akimtazama Bi Biasha. "Ulinambia alizaliwa shambani kwa Mbarouk. Nipe jina lake, nkaliandike sasa hivi."

"Nilikwambia wewe, sikuwaambia watu," alisema Bi Biasha kwa ukali. "Unataka mtaa mzima utunyooshee vidole?"

Salhiya alinywea.

"Una haraka, Salhiya," alisema Ulfat. "Hati huonyesha alichotaka kuandika mwenye mali. Yaliyobaki wanayo wazee, na mzee huombwa, halazimishwi. Akikataa, tunanyamaza." Akamgeukia Bi Biasha. "Ila aibu si yenu, bibi. Ni ya aliyemmiliki mtu."

Bi Biasha alirudia nazi yake. Siku tatu hakulitaja jambo lile. Salhiya ulimi ulimwasha, lakini hakuuliza.

Alhamisi Bi Biasha alivaa buibui lake, akasema wanakwenda wote kwenye hitma.

Ukumbi wa chuo ulijaa. Wakati wa dua, Mwalimu Mudrik alisoma jina la mwanzilishi, kisha majina kumi na moja.

"Na mtoto wa kike mmoja," alisema mwalimu, akaanza kuikunja karatasi.

Upande wa wanawake Bi Biasha alisimama.

"Zafarani," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Anaitwa Zafarani. Ni bibi yangu mimi, na huyu msichana anayesoma chuoni hapa ni kilembwe chake."

Mwalimu Mudrik aliomba kalamu. Aliandika, akaisoma orodha upya tangu mwanzo. Majina yakawa kumi na mawili, na ukumbi mzima ukaitikia amin. Salhiya alilia kwa furaha, wala hakujificha.