Tai Waliopita Wakati wa Maombi

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Jepkemei alikuwa akikatiza soko la Wakulima mjini Nakuru, jora la kitambaa cha sare begani, alipomgonga mwanaume aliyesimama katikati ya njia akitazama juu. Jora likaangukia nyanya za watu.

"Boss, huna macho?"

Mwanaume aliinua kidole kumwambia angoje. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Ati ningoje? Kitambaa changu kiko kwa nyanya!"

"Thelathini na tisa... arobaini." Akashusha kidole. "Pole sana, madam. Ningekujibu ningepoteza hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Tai. Wanakimbia baridi ya Urusi. Wako juu ya kichwa chako."

Jepkemei akatazama. Juu kabisa ya mabati na kelele za mikokoteni, madoa meusi yalizunguka polepole kama majani ya chai kikombeni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, yote akiishi Nakuru, na hakuwahi kuwaona. Aliposhusha macho, yule mwanaume alikuwa amepiga magoti kwa suruali yake safi, anafuta nyanya kwenye kitambaa kwa leso yake.

"Naitwa Wamalwa," alisema. "Na hilo gauni la zambarau ni nani amekushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nishonee mfuko wa darubini."

Mfuko ukashonwa, na simu zikaanza.

"Umekula, Kemei wangu?"

"Bado. Na wewe?"

"Nitakulaje na tai wanapita?"

"Siku moja utaoa tai, wewe!"

Jepkemei aliachia shule darasa la nane. Sasa, baada ya cherehani, alisoma masomo ya jioni ili afanye mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu Obura alikuwa na amri moja aliyoirudia hadi wanafunzi wakaisema naye: usiache pengo kwenye karatasi, jaza kitu. Jepkemei aliishika kama alivyoishika Biblia yake.

Novemba ilipofika, alikuwa akipanda kila Jumamosi hadi ukingo wa kreta ya Menengai, chapati na maharagwe mkononi. Wamalwa alimfundisha kazi yake ya kuhesabu ndege wanaohama: saa, aina ya ndege, idadi, yote daftarini. Mwenzake, Valarie, alihesabu kutoka kilima kingine upande wa Elmenteita, na kila Jumatatu walilinganisha.

Siku moja Wamalwa aliitwa chini kupokea wageni wa ofisi yao. "Nishikie nusu saa, mpenzi. Nakuamini."

Jepkemei alihesabu vizuri. Kisha njaa ikamuuma, akafungua chapati, akafumba macho kushukuru. Maombi yakarefuka, kama yanavyorefuka mtu akiwa peke yake na Mungu na upepo. Alipofumbua macho, mkia wa kundi kubwa ulikuwa unapotelea kusini.

Alilitazama daftari. Mstari ulikuwa mtupu. Akakumbuka amri ya Mwalimu Obura, akajaza: tai, mia mbili na arobaini.

Jumatatu simu ikalia.

"Kemei, Valarie amehesabu sitini na mmoja. Ripoti nimeshaituma na jina langu. Uliwaona kweli?"

"Sasa unaniuliza kama polisi?"

"Nauliza kama Wamalwa."

"Niliwaona!" Akakata simu.

Siku tano Wamalwa hakupiga. Jepkemei alishona mikono ya sare kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Ijumaa, Mwalimu Obura aliposema tena, "Usiache pengo," darasa zima lilimwitikia isipokuwa yeye. Usiku huo alijaribu kuomba, lakini kila alipofumba macho aliuona ule mkia wa ndege.

Asubuhi alipanda Menengai. Wamalwa alikuwa amesimama na darubini, shati lake la kijani likipigwa na upepo. Alimwona, lakini kundi lilikuwa linapita. Jepkemei alisimama kando hadi miguu ikafa ganzi, na ndege wa mwisho alipopita ndipo Wamalwa alipogeuka.

"Umengoja," alisema.

"Nimejifunza. Nipe daftari."

Alikata ile mia mbili na arobaini kwa mstari mmoja, akaandika kando: *Sikuona. Nilikuwa naomba nimefumba macho. Jepkemei.*

Wamalwa alisoma mara mbili. "Leo nitatuma masahihisho. Wataniuliza maswali, na nitawaambia hivi hivi ulivyoandika. Lakini Kemei, kwa nini hukuacha wazi?"

"Niliogopa kuacha pengo. Halafu niliogopa kukwambia. Hilo la pili ndilo baya."

"Ndilo," alisema Wamalwa, na uso wake ukaanza kulegea. "Lakini kundi la tai sitini huchukua dakika kumi na mbili kupita hapa. Ni chapati gani inaombewa dakika kumi na mbili?"

"Chapati ilichukua moja." Jepkemei aliinamisha kichwa. "Zile nyingine nilikuwa nakuombea wewe."

"Uliomba nini?"

"Kwamba uniulize kitu fulani. Na sikwambii ni kipi."

Upepo ulifunua kurasa za daftari. Wamalwa alilifunga, akaliweka chini, akapiga magoti juu ya mawe, kwa suruali ile ile iliyowahi kuchafuka kwa nyanya.

"Jepkemei, utakubali niende kwenu kuongea na wazazi?"

Jepkemei alitazama angani. Machozi yalikuwa karibu, na kicheko pia.

"Haya," alisema Wamalwa, "mwalimu wako anasemaje kuhusu swali lililoachwa bila jibu?"

"Anasema nisiache pengo, na nianze na lile ninalolijua." Akamvuta mkono asimame. "Hili nalijua. Ndiyo."

Walikaa ukingoni, chapati katikati yao.

"Tuombe," alisema Wamalwa.

"Omba wewe, mpenzi. Mimi leo nitatazama juu."

Wamalwa akafumba macho na kuanza kushukuru, maneno mengi ya shukrani. Kabla hajafika kwenye chapati, Jepkemei akamgusa bega taratibu na kunong'ona, "Usikatize maombi. Tai watatu. Nimewaona kwa macho yangu."