Picha ya Bibi Rebeka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vaileth alikoroga uji wa ulezi, akaupoza kwa kuumimina kutoka bakuli moja hadi jingine, kisha akaingia nao chumbani kwa Bibi Rebeka. Bibi huyu ndiye aliyemzaa baba yake, Onesphory. Hospitalini walikwisha sema ukweli bila kuuzungusha: moyo wa mama umechoka, mrudisheni kijijini Zombo akae na watu wake. Basi zamu ya asubuhi ikawa ya Vaileth, msichana wa miaka kumi na mitatu. Vijiko vitano, Bibi anapumzika. Vijiko vitano tena, anapumzika.

Bibi hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa bila picha. Huku kwetu, jeneza likitoka nyumbani, mjukuu mmoja hutangulia na msalaba na mwingine hubeba picha ya marehemu, ili hata mpita njia ajue ni nani anayesindikizwa. Bibi hakuwa na picha hata moja. Zote, pamoja na kitambulisho chake, zilikwenda na maji siku mto Mkondoa ulipoingia katika nyumba aliyokuwa akiishi Kilosa mjini. Picha za simu hakutaka hata kuzisikia. Kijana mmoja alikuwa amempiga picha kwa simu bila ruhusa, amesinzia barazani mdomo wazi, na watu wakaicheka kwenye magrupu hadi Mikumi.

"Atanipiga Vaileth," Bibi alisema. "Na si kwa simu."

Shangazi Hildegarda, dada yake Baba, alifanya usafi katika nyumba moja ya wageni huko Mikumi. Vaileth aliposhika nafasi ya kwanza katika mtihani wa muhula, shangazi alimwita kwake mwisho wa juma, akamkabidhi fedha za kununua kamera.

"Usinunue hapa," alimwonya. "Jumanne baba yako anakwenda Kilosa. Mtapita studio kwa Mzee Ditram. Nimekwisha ongea naye, ametuwekea kamera ndogo, imetumika lakini nzima. Akuonyeshe kwanza, uijaribu, ndiyo mlipe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

Alisikia kweli, masikio yake hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye macho. Kwa siku mbili alikuwa amesimama kando ya barabara kuu akitazama magari ya watalii yakielekea mbugani, na ndani yake wageni wenye kamera nyeusi zenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Akaamua moyoni kwamba kamera ni ile, na nyingine zote ni vichezeo.

Jumapili, akisubiri gari la kurudi nyumbani, aliona meza ya muuza redio na chaja. Katikati ya meza ilikaa kamera nyeusi yenye lenzi ndefu. Ubavuni iliandikwa 48 kwa rangi ya dhahabu.

"Hiyo ni megapikseli arobaini na nane, mdogo wangu," muuzaji alisema. "Wazungu wenyewe ndizo wanazotumia."

"Inatumia kadi?"

"Kadi ya nini? Memori imo humo humo ndani. Weka betri hizi za redio, piga."

Vaileth hakuiwasha, wala hakuomba kuona picha hata moja iliyopigwa nayo. Alitoa fedha zote. Gari lilipofika, aliingia ameivaa shingoni.

"Si mlisema itanunuliwa Kilosa?" Baba alimuuliza jioni hiyo.

"Shangazi alibadili mawazo, akaninunulia huko huko Mikumi."

Uongo huo ulitoka bila kukwaruza koo. Baba alimwamini, kwa sababu mtoto huyu hakuwa na tabia hiyo. Katikati ya juma alimpigia dada yake kwa simu yake ya tochi, akamwambia kamera Vaileth anayo. Shangazi akadhani imetoka kwa Mzee Ditram, akamshukuru Mungu.

Asubuhi ya Jumatatu Bibi alioga, akavaa kitenge chake cha bluu na rozari, akatolewa nje akaketi kwenye kiti. Alikaza shingo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Vaileth alipiga picha tatu. Kwenye kioo kidogo cha kamera sura ya Bibi ilionekana, ingawa ukungu kidogo ulikuwepo.

"Nionyeshe," Bibi alisema. Akakodoa macho, akacheka. "Sioni kitu. Nitajiona ikiwa kwenye karatasi."

Hapo ndipo Vaileth angeweza kuiacha kamera nyumbani. Lakini kamera ndefu hivyo, uiache nyumbani aione nani? Aliificha kwenye mkoba akaenda nayo shule. Wakati wa mapumziko aliwapiga wenzake wote, wengine mara mbili mbili, wakipanga vidole na kubinua midomo. Saa nane kamera ikazimika. Alitoka na rafiki yake Nalepo wakanunua betri mpya dukani, wakaziweka. Kamera iliwaka. Vaileth akatafuta picha. Kioo kiliandika sifuri.

Alibonyeza kila kitufe. Sifuri ile ile. Kumbe ule mdoli wa kamera ulitunza picha pale tu betri zilipokuwa na nguvu. Zikiisha, na picha zimekwenda.

"Za Bibi zilikuwa humo?" Nalepo aliuliza.

Vaileth aliitikia kwa kichwa.

"Mwambie baba yako leo. Waite mpiga picha aje."

"Ataniuliza kwa nini sikwenda Kilosa."

"Si umwambie?" Nalepo alimshangaa. "Kwetu ng'ombe akipotea, mtoto anasema siku hiyo hiyo. Atachapwa, lakini watu watatoka kumtafuta."

Vaileth aliirudisha kamera mkobani. Alipanga kumpiga Bibi tena kimya kimya kesho yake. Lakini kesho yake Bibi hakuweza kunyanyuka kitandani, na Baba akaahirisha safari ya Kilosa. Ndani mlikuwa na dirisha moja dogo, na kila picha aliyopiga ilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Alijaribu mara sita. Kisha akaificha kamera chini ya gunia la mahindi, akakaa akilia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Picha yangu imefika?" Bibi aliuliza Jumatano, uji ukiwa mdomoni.

"Iko Kilosa, Bibi. Wanaisafisha." Hata Baba aliambiwa hivyo hivyo, kwamba ilikwenda na bodaboda.

"Wasinifanye mweupe," Bibi alisema. "Nataka nionekane mimi."

Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi Vaileth alijibu bado kidogo. Vijiko vitano vikawa vitatu, vitatu vikawa kimoja. Mara mbili Vaileth alitoka chumbani amekwisha fungua mdomo amwambie Baba, na mara zote mbili alipomwona Baba uani, akaomba fedha ya daftari. Siku ya kumi na moja tangu picha zifutike, alipoingia na bakuli, Bibi hakuuliza kitu. Mikono yake ilikuwa imekwisha poa.

Nyumba ikajaa. Shangazi Hildegarda alifika kutoka Mikumi akilia tangu njiani. Wanaume walianza kupanga nani achimbe kaburi na nani afuate jeneza. Baba akamwita Vaileth.

"Nipe ile karatasi ya studio. Bodaboda anakwenda Kilosa, aichukue picha ya mama."

Vaileth alisimama.

"Baba, hakuna picha."

"Haijasafishwa?"

"Haipo. Ilifutika siku ile ile. Niliwadanganya. Kamera sikununuliwa na Shangazi. Niliinunua mwenyewe mezani."

Shangazi aliacha kulia, akamgeukia. Baba hakunyanyua mkono. Aliketi kwenye kinu kilicholala hapo uani.

"Siku zote hizi ulijua?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yeye anakuuliza kila siku."

"Ndiyo, Baba."

"Ditram ana pikipiki," Baba alisema polepole. "Angekuja na taa zake. Ningemlipa hata kwa jogoo. Siku yoyote kati ya hizo, mwanangu. Yoyote."

Akaanza kulia mbele za watu. Vaileth hakuwahi kumwona baba yake akilia, na alijua hakuwa anamlilia Bibi peke yake.

Kesho yake jeneza lilipotoka, binamu yake Brayan alishika msalaba. Jirani mmoja alitaka kumpanga mtoto mwingine pembeni yake, kujaza nafasi. Baba akakataa.

"Nafasi ya picha ni ya Vaileth," alisema. "Aende hivyo hivyo."

Vaileth alitembea mbele ya jeneza, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Kando ya njia mama mmoja mwenye kuni kichwani alisimama kwa heshima, akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Ni nani huyo?" Mwenzake alisema hajui. Vaileth alisikia swali hilo mara tatu kabla ya kufika makaburini.

Udongo ulikuwa umekwisha sawazishwa alipofika Bibi Ida, mdogo wake marehemu, kutoka Munisagara. Treni ilichelewa. Dada hawa hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Alishika msalaba, akausoma kwa kidole, kisha akatazama huku na huku.

"Nipeni picha yake nimwangalie," alisema. "Nimekosa kumuaga, nimwone hata pichani."

Hakuna aliyemsukuma Vaileth, alitoka mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Picha hakuna. Niliipoteza mimi, nikadanganya mpaka akafa." Na hapo hapo, mbele ya kaburi, akaeleza yote. Bibi Ida alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaani, wala hakumkumbatia. Alisema tu, "Nimekusikia," akaenda kukaa na wanawake wengine.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alimpeleka Vaileth Kilosa. Mzee Ditram alikuwa na nywele nyeupe na kikohozi, na maneno yake hayakupakwa sukari. Aliipokea ile kamera ndefu, akaigeuza, akagonga lenzi kwa ukucha.

"Plastiki. Hii lenzi haivuti kitu. Kwa nini uliipenda?"

"Watalii wanazo za hivi."

"Wale wanampiga simba wasiyeweza kumsogelea. Wewe ulikuwa unampiga bibi yako, uliyekuwa unamlisha uji. Lenzi ndefu ya nini?"

Vaileth aliinama. Mzee Ditram akaweka mezani kamera ndogo ya kijivu, iliyochubuka pembeni.

"Shangazi yako alinieleza. Sikuuzii leo, na sikupi. Lakini nataka uichague kama mtu anayenunua. Anza."

"Ina chaja?" Vaileth aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ipo. Swali lingine."

"Betri yake ikifa, nyingine inapatikana?"

"Hapa hapa Kilosa. Endelea."

Alimwagiza ampige Shangazi nje juani, kisha katika chumba cha nyuma chenye giza. Akamfundisha kukuza picha kwenye kioo mpaka aone kope za macho kama zimetulia au zimetiwa ukungu. Akamwambia atoe betri, airudishe, aone kama picha bado zipo. Zilikuwepo, kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Akamtaka aishike kwa mkono mmoja, ajue kama vidole vinafika kwenye vitufe. Namba iliyoandikwa ubavuni hawakuitaja kabisa.

"Sasa unajua kuchagua," Mzee Ditram alisema. "Utakuja kila Jumamosi kujifunza. Hii utaazima leo, Jumatatu irudi. Ikichubuka, niambie. Ikianguka, niambie. Nikiikuta na kasoro hujaniambia, usije tena."

"Sawa, Mzee."

Bibi Ida alikuwa bado Zombo, akisubiri matanga yaishe. Vaileth alimkuta uani akichambua maharage, akapiga magoti.

"Bibi, nakuomba nikupige picha. Ukikataa nitaelewa."

Bibi Ida aliweka maharage kando. "Lete kiti," alisema.

Picha ilirudi kutoka Kilosa Jumanne, kwenye karatasi kubwa. Kila mkunjo wa uso ulionekana, na macho yalimtazama mtu moja kwa moja. Baba, Shangazi na Vaileth walisimama wakati Bibi Ida akiishika kwa mikono miwili. Aliikazia macho mpaka Baba akaanza kuwa na wasiwasi.

"Kumbe alizeeka hivi," Bibi Ida alisema.

"Mama mdogo, hiyo ni yako wewe," Baba alimwambia.

"Najua ni mimi. Nina macho." Machozi yalimdondoka, akaiweka picha mbali isilowe. "Lakini tulikuwa tukichanganywa tangu utoto. Nikiitazama hii, ndiyo naona miaka tisa ilimfanya nini. Itundikeni sebuleni, chini yake mwandike majina yetu sote wawili."

Kisha akamvuta Vaileth karibu, akamshika mkono.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kununua kamera mbovu ni kosa la mtoto, na mtu anajifunza. Hilo nimekusamehe palepale makaburini. Lakini dada yangu alikuwa hai siku kumi nzima akikuuliza, na neno moja tu la kweli lingemletea mpiga picha mlangoni. Siku hizo hakuna wa kuturudishia, si wewe wala mimi. Utakosea tena, kila mtu anakosea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kitu bado kinatengenezeka."

"Ndiyo, Bibi," Vaileth alisema.

Akaenda kutafuta nyundo na misumari.