Hati ya Mwalimu Gharib

Maiti ya Jeilani ililala chali juu ya jamvi la chuo cha Kurani, kanzu mpya mwilini, kilemba kimefunguka. Mlangoni, punda aliyevishwa mikufu ya asumini alikuwa bado anamngoja ampande.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwaka wa 1912, mjini Siyu katika kisiwa cha Pate. Saa nne ndipo kijana huyu wa miaka kumi na sita angetembezwa mitaa yote kwa dufu na kasida, kwa kuwa alikuwa ameuhifadhi msahafu mzima, juzuu thelathini, asikosee hata irabu. Mwezi uliopita yeye na wenzake waliwashinda wanafunzi wa Faza katika kusoma, na masharifu wa Lamu walikwisha kuleta habari kwamba watamchukua akasome kwao. Lo! Yote hayo, na sasa povu lilikuwa likimkauka mdomoni.

Inspekta Muhdhar alipiga magoti kando yake. Hakuja Siyu kikazi, masikini. Jana alishuka bandari ya Mtangawanda akitokea Lamu, aje ale karamu ya chuo alichosomea mwenyewe miaka ishirini iliyopita.

"Alianza lini kuumwa?" aliuliza.

"Baada ya alfajiri," alijibu Bi Tima, mama wa marehemu. Alikuwa ameketi kichwani pa mwanawe, anakifunga tena kile kilemba, na kila akikifunga kilimfunguka mikononi. "Alitoka kwangu mzima wa afya. Ndia nzima alikuwa akisoma, majirani walimsikia. Akanywa kombe lake hapa hapa. Kisha tumbo likamkata, akatapika, akaomba maji, maji, maji. Mwanangu mmoja, Bwana Inspekta. Sina mwingine."

Kombe ni desturi. Mwanafunzi anayehitimu huandikiwa aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya mawaridi, na maji hayo akanywa ili elimu isimtoke kifuani. Muhdhar naye alikunywa la kwake, katika chumba hiki hiki.

"Nani alimletea?"

Bi Tima alinyoosha kidole. Ukutani, chini ya mbao za kuandikia, wanaume wawili walimshikilia kijana mikono nyuma. Alikuwa Wazir, wa pili kwa Jeilani katika chuo, na kwa maneno ya watu, mwenye kijicho naye.

"Ndiye huyo," Bi Tima alisema. "Nami nataka anyongwe."

Mji wote ulitaka hivyo. Muhdhar alimwamuru Konstebo Yunusi, aliyefuatana naye toka Lamu, aufunge mlango, akamketisha Wazir mbele yake. Maziko yalikuwa baada ya alasiri, na baada ya maziko, asipopatikana mwingine, kijana huyu angepelekwa Lamu kwa kesi ya kuua.

"Sahani uliitoa wapi?"

"Kwa Mwalimu."

"Ulitia nini njiani?"

"Sikutia kitu. Ilikuwa imefunikwa kawa. Sikufunua."

"Vidole vyako mbona vya manjano?"

"Zarniki. Jana tulisaga rangi."

Muhdhar aliijua vizuri. Zarniki ndiyo rangi ya kutilia nakshi kurasa za misahafu, na ndiyo hiyo hiyo wanawake huichanganya na chokaa kuondolea nywele. Ni sumu. Kila mtoto wa chuo hukanywa asitie kidole mdomoni akiishika.

"Wiki iliyopita watu walikusikia ukimwambia Jeilani, 'Ukifungua mdomo utanitambua.' Afungue mdomo kwa habari gani?"

Wazir aliinamisha kichwa.

"Nauliza, kwa habari gani?"

"Nipeleke tu Lamu, Bwana Inspekta."

"Unajua muuaji hufanywa nini?"

"Najua."

Ajabu hii! Katika miaka kumi na miwili ya upolisi Muhdhar alikutana na waongo wa kila aina, lakini mtu mwenye haraka ya kunyongwa hakupata kumwona. Aliondoka akiwa na uchungu rohoni, akashika njia ya kwenda kwa Mwalimu.

Njia yenyewe ilikuwa safi ajabu. Toka chuoni hadi nyumbani kwa Mwalimu Gharib hapakuwa na kokoto, hapakuwa na kifuu. Wanafunzi waliifagia kila siku kabla ya kusoma, na jana jioni Muhdhar aliwasifu kwa hilo. "Hawa wana adabu kuliko nyinyi," Mwalimu alimtania, huku akipiga chafya, maana mafua yalikuwa yamemkaba siku ya nne. Kisha akamshika bega: "Na hizo nguo zako nyeupe zimekupendeza, mwanangu."

Muhdhar alisimama katikati ya njia. Jana alivaa kaki.

Mwalimu alikuwa ameketi ukumbini, tasbihi mkononi, macho mekundu kwa kulia. Mzee huyu alisomesha miaka arubaini, na hati yake ilikuwa fahari ya visiwa vyote. Misahafu yenye jina lake ilikuwa ikisomwa hadi Barawa. Nyuma yake alisimama bintiye, Hadia, mwanamke wa miaka thelathini hivi, leso imemfunika hadi kidevuni.

"Mwalimu, nani aliandika kombe la Jeilani?"

"Mimi," Hadia alidakia kabla baba yake hajafumbua kinywa.

"Hadia!" mzee alimaka.

"Ni mimi, Kaka Muhdhar. Baba mgonjwa, ana mafua."

"Sahani iko wapi?"

"Iliniponyoka nilipokwenda kuichukua chuoni. Nimeitupa."

"Umeitupa, au umeifukia?" Muhdhar alifungua kitambaa. Yunusi, aliyetumwa mbele kuitafuta sahani, alikuwa amekwisha kuvifukua vigae chini ya majivu, nyuma ya jiko. "Zafarani ukiiosha hutoka yote. Hii haikutoka yote. Bado nasoma herufi."

Aliomba chetezo chenye makaa. Kwa ncha ya kisu alikwangua rangi ya manjano kidogo juu ya kigae, akaidondosha motoni. Moshi mweupe ulipanda, na harufu ikajaa ukumbi, kali, ya kitunguu saumu. Daktari mmoja wa Mombasa ndiye aliyemfundisha jaribio hilo. Hadia aliziba pua kwa leso. Mwalimu Gharib hakushtuka, hakugeuka; pumzi zilikuwa zikimpita mdomoni.

"Zarniki," alisema Muhdhar. "Wala haikunyunyizwa juu. Imeandikiwa. Basi si Wazir. Aliyeandika ndiye aliyeua. Hadia, chukua kalamu, niandikie Bismillahi."

Aliandika. Herufi zilikaa sawa, za kupendeza kweli, mstari umenyooka. Muhdhar akaiweka karatasi kando ya kigae. Juu ya kigae herufi zilipandana, mstari umeteremka hadi ukingoni. Lakini mkia wa kila herufi ya mimu ulivutwa chini, kisha ukakunjwa kama ndoana. Mkia huo aliujua. Alichapwa miaka saba akijaribu kuuiga, asiuweze.

"Hati hii si yako, dada yangu," alisema polepole.

Hadia alianza kulia.

Muhdhar angeweza kuishia hapo. Angesema sahani ilichafuka, Mungu ndiye ajuaye, akaondoka zake na mwalimu wake akabaki na heshima yake. Wallahi alilitamani jambo hilo. Lakini ukutani mwa chuo alikuwako kijana amefungwa mikono, na mji mzima nje ukimngoja.

Alichukua vibweta viwili vya rangi kutoka katika sanduku la kuandikia, akaviweka mbele ya mzee.

"Mwalimu, nionyeshe zafarani."

Mzee alivipapasa. Alikiinua kimoja, akakisogeza puani. Akakiinua cha pili. Akapiga chafya. Alirudi kwa cha kwanza, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Mafua haya," alinong'ona. "Sisikii harufu."

"Si kwa pua, Mwalimu. Kwa macho."

Tasbihi ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Mato yangu yalikufa mwaka juzi, Muhdhar," alisema Mwalimu Gharib. "Kwanza ukungu, kisha giza. Tangu hapo misahafu yote ni mkono wa Hadia na jina langu. Makombe pia. Mimi nilisikiliza tu, nikasahihisha kwa sikio, na nikadhani nimewaweza."

"Na leo?"

"Leo ni Jeilani." Aligeuza uso kuelekea chuoni. "Miaka arubaini, mwanangu, sikupata mwanafunzi kama yule. Nikasema huyu mmoja, huyu mmoja tu, apate mkono wangu mwenyewe. Niliamka Hadia amelala. Siku zote nazibainisha rangi kwa harufu, na zafarani haijifichi. Nikashika kibweta nilichodhani ndicho, nikaandika. Nilifurahi, wallahi. Nilihisi kalamu bado inanitii."

"Nilipoamka nilikiona cha zarniki kiko wazi," alisema Hadia kwa kwikwi. "Nilikimbia chuoni, Kaka. Nilikuta amekwisha kunywa."

"Kwa nini ulificha upofu, Mwalimu?"

"Nani angemleta mtoto ajifunze hati kwa kipofu? Nani angetaka msahafu wa mkono wa mwanamke? Kiburi, Muhdhar. Usinitafutie neno jingine zuri. Nimemuua mwanangu kwa kiburi."

Muhdhar alimwagiza Yunusi amlete Wazir, akamfungua kamba yeye mwenyewe. Kijana alipomwona mzee na vibweta mbele yake, alielewa kuwa siri imefichuka, akaangua kilio.

"Bwana Inspekta, kwa nini umemwaibisha?"

"Ulikuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya siri hii?"

"Tuliapa. Sote."

Mzee aliinua uso. "Sote nani?"

"Chuo kizima, Mwalimu. Tangu mwaka juzi twajua." Wazir alimwendea, akampigia magoti. "Ndiyo maana twafagia ndia, usijikwae. Ndiyo maana twasema majina yetu kwa sauti tukiingia. Jeilani alitaka kumwambia Bwana Inspekta, akutafutie daktari Lamu. Mimi nikamkataza. Ndio ugomvi wetu."

"Na sahani?" aliuliza Muhdhar. "Jeilani aliisaga zarniki kwa mikono yake. Hakuijua rangi?"

"Hakutazama rangi. Alipofunua kawa aliona zile herufi zimepinda. Akanambia, 'Wazir, tazama! Kaniandikia mwenyewe!' Akalia. Akaosha, akanywa yote, akalamba sahani. Siku zote mwenye kombe hubakishia wenziwe. Leo alisema hili hampi mtu."

Mwalimu Gharib alijiziba uso kwa mikono miwili. "Mlijua," alirudia. "Mlijua, na mimi najificha. Laiti mmoja wenu angenambia."

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Tima. Hakuna aliyejua amefika lini.

"Ni wewe, Mwalimu?"

"Ni mimi, Bi Tima."

Muhdhar alijiweka tayari kumzuia, lakini mama yule hakusogea.

"Mimi nami nalijua," alisema hatimaye. "Jeilani alikuwa akikusomea barua zako. Alinisihi nisiseme. Nikaona ni sitara yako, nikanyamaza. Nyote hapa mlinyamaza, nami nikanyamaza." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Sikusamehe leo. Kesho sijui. Lakini hatazikwa bila ya dua yako, maana angenikasirikia. Kamsalie, kisha wakuchukue."

Walimsalia, wakamzika. Baada ya maziko Muhdhar aliandika maelezo, karatasi mbili: kuua bila kukusudia, mshtakiwa amekiri kwa hiari yake. Aliyasoma kwa sauti mbele ya mashahidi.

"Weka sahihi, Mwalimu."

Mzee alishika kalamu. Akaielekeza kwenye karatasi, akasita, akairudisha.

"Sitaandika tena," alisema.

Muhdhar alimshika kidole gumba, akakichovya katika wino mweusi, akakikandamiza chini ya jina. Machozi yalimtoka inspekta mzima mbele ya konstebo wake, wala hakuyaficha.

Walitoka kwenda Mtangawanda jua limelegea. Punda wa Jeilani, amevuliwa maua, aliletwa ambebe mzee, lakini Mwalimu alikataa kumpanda. Hadia alitangulia na furushi la nguo. Wanafunzi wote walifuata nyuma hadi mwisho wa mji, mahali ufagio wao haukuwahi kufika, wakasimama hapo.

Wazir hakusimama. Alimshika Mwalimu mkono, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alisema wazi, mbele ya watu wote:

"Kuna jiwe, Mwalimu. Inua mguu."

Mzee aliinua mguu.