Maji Niliyomwaga Midia

Elena, nilimsingizia mgeni aliyekuwa amekula chakula changu. Naswali mara tano kwa siku, Ramadhani sijaiacha, lakini jambo hilo bado liko shingoni mwangu. Nisikilize mpaka mwisho, maana nina neno la kukuomba.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Lori la Nestor, mfanyabiashara wa Bunia, liliharibika giaboksi hapa Arua, ikabidi angoje kifaa kutoka Kampala. Akapanga chumba changu cha uani, yeye na mke wake Marcelline na mtoto wao Jacques, wa miezi minne. Wiki mbili tu, walisema.

Marcelline hakuwa mtu wa kukaa. "Mama Medina, nimefika Uganda, nitaona Uganda!" Basi nikamtembeza. Tulipanda kilima cha Arua, akaonyesha mabati ya mji kwa kidole, moja moja, akitaka kujua ya nani. Tukaenda kuangalia ndege ikitua. Askari akaja kutufukuza. Marcelline akamwambia, "Kaka, macho yangu haibebe bomu." Yule askari akacheka, akatuacha.

Kosa langu lilianzia jikoni. Sisi Wanubi, mtu akitaka kumwaga maji ya moto chini, husema kwanza "dastur", yaani tupisheni, ili wale wasioonekana wasogee. Marcelline akanisikia.

"Unaomba udongo ruhusa? Na udongo iko najibu?"

Nikacheka naye. Niliona haya, Elena. Nilitaka anione mtu wa mjini.

Jumanne tukapanda gari la Koboko. Nilimwonyesha soko, nikamwonyesha upande wa Kongo na upande wa Sudani, halafu tukatembea mpaka Midia, kwenye makaburi ya mawe ya askari wa zamani waliotoka Sudani. Babu yangu yumo. Jua lilikuwa la utosi. Tulikunywa chai, maji ya moto yakabaki nusu chupa. Marcelline alikuwa amekaa karibu na jiwe, mtoto mgongoni, akanitazama kwa jicho la utani.

"Haya mama, omba ruhusa."

Nikamwaga hivi hivi, bila neno.

Shiii. Kama maji juu ya makaa, na moto haukuwapo. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Marcelline akajifunika kitenge mpaka shingoni.

"Huu upepo iko baridi," akasema.

Hapakuwa na upepo.

Tuliporudi Arua akavaa kabuti la Nestor, juani. Nikampeleka tena kilimani, labda atachangamka. Akautazama mji wote kama mtu anayetazama ukuta. Hakuuliza bati la mtu yeyote.

Siku ya tatu nilimkuta ameipua sufuria kwa mikono mitupu. Viganja vilikuwa vimevimba malengelenge, uso umetulia.

"Mama Medina, ile sufuria iko moto?"

Adhuhuri ile ile, nikiwa nasuka kawa barazani, nikasikia tena shiii, mara hii uani kwangu, na ile harufu ya nywele ikapita kichwani kwangu, nikaacha kawa, nikakimbia, na nilipopita mlango nikaona beseni likifuka mvuke na Marcelline ameinama juu yake, mkono mmoja ndani mpaka kiwikoni, akipima maji kama mama mwema yeyote, mkono wenyewe umekuwa mwekundu, na kwa mkono wa pili anamshusha Jacques taratibu, miguu kwanza, huku anambembeleza, "Iko vizuri, mwana, iko vizuri." Nikamnyakua. Kisigino kimoja kilikuwa kimeshagusa. Mtoto alilia, na mama yake akamtazama kama mtoto wa jirani.

Nestor akamwita Taban, fundi cherehani wa sokoni, ambaye pia ni faki, mtu wa kusomea wagonjwa. Alikuja na futi yake shingoni. Akafukiza udi, akaandika aya za kombe kwenye sahani, akazisuuza kwa maji, akamnywesha. Kisha akauliza, "Nani alimwaga maji?"

Nestor akanigeukia. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mgeni," nikasema. "Hajui desturi zetu."

Marcelline aliniangalia. Hakubisha.

"Labda," akasema.

Taban akamwelekeza upande wa Koboko, akamwombesha msamaha mara tatu. Kisha akachukua kijiko kilichokaa juu ya makaa, akamgusisha kidogo mkononi. Marcelline hakusogeza mkono.

Taban akakunja futi yake. "Jini aliyeungua hushika aliye karibu," akasema. "Huyu si mwenye kosa. Aliyemwaga aseme kwa kinywa chake mbele ya huyu mama, ndipo atamwachia."

Nikaichukua ile sahani, nikaenda kuiosha. Niliwaza majirani. Jumamosi kifaa kikafika, lori likaondoka, Nestor akiendesha huku mtoto amemfunga kifuani, Marcelline pembeni na kabuti lake.

Miaka minne sasa. Nikimwaga maji ya moto nasema dastur, kwa sauti, bila haya. Na siku hizi udongo unanijibu. "Labda," unasema, kwa sauti ya Marcelline.

Nilikuwa nimezoea hata hilo, mpaka jana uliponisimulia, ukicheka, kuhusu mwanamke wa Bunia anayevaa kabuti juani, na kitoto chake chenye kovu kisiginoni, kinachotumbukiza kidole ndani ya kila kikombe kabla mama yake hajanywa.

Lori lenu linaondoka kesho kwenda Bunia. Niombee kwa dereva nafasi moja. Nitakaa juu ya magunia.